Musalaba wa mama ndani ya sakoshi

Kila mwaka, tarehe 30 ya mwezi wa ine, ni siku ya walimu katika inchi yetu. Ku masomo yetu hapa Kinsevere, siku ile hatufundishi. Tunavaa kikwembe cha namna moja, tunakula pamoja, na kama kuko mwalimu mwenye anaenda pensheni, tunamupatia zawadi. Mwaka huu ilikuwa zamu ya mama mumoja mwenye alianza kufundisha darasa la kwanza wakati mimi ningali mutoto wa mugongoni. Nilifanya staji yangu ya ISP chini yake. Ni yeye alinionyesha namna ya kunyamazisha watoto 60 bila kupiga hata mumoja: anapunguza sauti, anapunguza tena, mpaka wao wenyewe wananyamaza ili wasikie anasema nini.

Sisi wamama walimu tulichanga feza, ikafika franka 90 000. Wakanituma mimi niende kununua Lubumbashi siku ya posho. Waliweka sharti moja tu: zawadi isiwe ya plastiki. Katika saloni ya yule mama kuko tayari maua ya plastiki, saa ya plastiki, na picha ya maji yenye kuporomoka yenye inawaka taa ndani. Na tuseme ukweli, zote tatu ni sisi tulimupatia.

Kulikuwa safari ya pili ndani ya safari ile, na sikumwambia mutu. Ndani ya sakoshi yangu nilibeba musalaba wa shaba wa mama yangu, nimeufunga katika kitambaa.

Wenye walizaliwa huku kwetu wanajua vitu vile. Ni shaba nzito yenye sura ya herufi X, mikono ine, urefu wa shibiri moja hivi. Wetu unakaribia kilo, na mukono mumoja ni mufupi kuliko ile mingine. Tangu nilipata akili, kazi yake ilikuwa kuzuia mulango wa jikoni usijifunge na upepo, na niliwaza kama ni mulango ndio uliuvunja. Sasa mudogo wangu anasoma universite, minerval ilibakia nusu, na mama alisema: "Uende nao mu muji. Kuko watu banapenda bile bitu. Batalipa." Sikumujibu kitu. Nusu ya minerval si maneno ya kubishana.

Toka hapa mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 30. Nilipanda pikipiki, kisha basi ndogo, na tulipishana na kamyo kama kila siku. Munajua namna shaba inatoka kwetu: mugodi wa Kinsevere, wenye uko chini ya kampuni MMG tangu mwaka 2012, unatosha mabamba ya shaba safi, na mabamba yale yanaenda mbali sana na sisi. Sisi tunabakia na vumbi ya kamyo. Nilikuwa ninawaza hivyo, na kipande changu kimoja kikinilemea juu ya mapaja.

Kaduka kale nilionyeshwa na mwenzangu mumoja. Sitaandika jina lake wala njia. Mwenyewe aliniomba hivyo, anasema wenye wanamutafuta wanamupata. Kako ndani ya nyumba ya zamani ya matofali mekundu, chini ya muti wa jakaranda, na chumba chenyewe kinafika labda nusu ya darasa langu. Mama mwenye duka alikuwa amekaa nyuma ya meza akifuta sahani ya emaye na kipande cha kikwembe. Ni mama wa miaka ya kutosha, miwani inaning'inia ku kamba. Alinisalimia, akaniambia niangalie pole pole, na akaendelea na sahani yake.

Ku ukuta wa kushoto kulikuwa vitu vya mikono: vitunga vya matete, vijiko vya mbao, viti vya Waluba vyenye mwanamuke anabeba kikalio juu ya kichwa, na vitambaa vya Wakuba kutoka Kasai, vile vyenye wanaume wanafuma na rafia halafu wanawake wanashona mapambo juu yake. Kulikuwa pia motoka za waya kama zile watoto wetu wanajitengenezea, lakini zenye usukani wa kweli wenye unageuza magurudumu. Katikati kulikuwa mabamba ya shaba yenye fundi anapiga na nyundo kutoka nyuma mpaka picha inatokea mbele: mama anatwanga, muvuvi ndani ya mutumbwi, mulango wa kijiji.

Nyuma kulikuwa vitu vya kitambo. Pasi ya makala. Mashini ya Singer ya kuzungusha na mukono. Sahani za muziki zenye hazina tena mashini ya kuzipiga. Na chupa kubwa yenye kujaa feza zenye hazinunui tena kitu. Hapo nilikaa chini kama mutoto. Kulikuwa makuta ya wakati wa zaire, feza yenye ilizaliwa mwaka 1967, na noti ya zaire 5 000 000 ya mwaka 1992. Mama yangu anaikumbuka sana ile miaka. Anasema ulikuwa unaenda ku soko na makuta ndani ya kitunga na kurudi na mboga ndani ya mukono. Kulikuwa pia franka moja ya Katanga ya mwaka 1961: upande mumoja ndizi, upande wa pili musalaba wa shaba, sawa na wenye nilikuwa nao ndani ya sakoshi. Nilifunga sakoshi vizuri.

Lakini kitu chenye kilinishangaza zaidi ni tukaratasi. Kila kitu katika lile duka kimefungwa kakaratasi na uzi, na juu yake mama ameandika na mukono, mwandiko wa masomo ya zamani, ule wa kulala upande. Kimoja kilisema: "Kitunga. Kipya. Kilifumwa na mama mumoja wa Kasenga. Siku 4 za kazi." Kingine: "Pasi. Ya kitambo. Mwenye aliileta hakumbuki ilitoka wapi." Kingine: "Musalaba wa shaba. Mupya. Uliyeyushwa Katuba, shaba ya waya."

Kile kitunga bei yake ilikuwa franka 24 000. Nilikuwa tayari kuomba apunguze, juu hivyo ndivyo tulilelewa. Halafu macho yakarudia ku zile siku 4. Nikafanya hesabu ya haraka yenye ninafundisha darasa la tano: ni franka 6 000 kwa siku, mbele ya kutosha matete, mbele ya kutosha lori ya kutoka Kasenga, mbele ya kutosha faida ya duka. Nikanyamaza. Wamama, sisi wenyewe tunafuma, tunashona, tunasuka, na siku mutu anatuambia "ni bei sana" tunakasirika siku nzima. Kisha sisi tunaenda ku soko na kusema maneno yale yale.

Juu ya meza ndogo karibu na dirisha kulikuwa malakiti, lile jiwe la kijani la kwetu: mayai, tembo, mikufu, visanduku. Nikamwambia mama mwenye duka habari ya aibu yangu. Nilipoolewa, tantine yangu alinipatia yai la malakiti lenye kung'aa sana. Siku moja nilikuwa ninasafisha sufuria ya shaba na limau na chumvi, namna wote tunafanya, na nikaona vizuri nisafishe na yai. Likapoteza mwangaza wake, likawa kama jiwe la kuokota mu njia. Alicheka mpaka miwani ikaanguka.

"Mwalimu, limau inakula malakiti," aliniambia. "Shaba unaweza kuisafisha na limau na chumvi, kisha unasuuza vizuri na kukausha. Malakiti hapana. Hata vinegre hapana. Kitambaa laini na maji kidogo, basi."

Alinionyesha pia namna ya kutambua ya uongo. Malakiti ya kweli ni nzito, inakuwa baridi ndani ya mukono, na mistari yake haifanani: inapinda, inakuwa minene hapa, myembamba pale. Ile ya plastiki ni nyepesi, inapata moto haraka, na mistari yake imejipanga kama ya daftari. Na kitu kingine ninaandika hapa juu ya wale wenye watoto wao wanafanya kazi ile ya kukata mawe: vumbi ya malakiti ni mubaya kwa mapafu. Jiwe likatwe likiwa lowevu, na mutoto afunike pua na mudomo. Kumeza tu maziwa kisha kazi, namna vijana wanaambiana, haikingi kitu.

Ku ukuta wa nyuma kulikuwa picha ya ndege na samaki, yenye kujaa madoadoa, rangi nyingi. Mimi, na diploma yangu, nikasema kwa sauti ya kujua: "Pilipili Mulongoy!" Pilipili, Bela na Mwenze Kibwanga walikuwa wanafunzi wa Pierre Romain-Desfossés, mwenye alifungua atelie yake hapa Lubumbashi mwaka 1946, wakati muji ungali unaitwa Élisabethville. Bela alikuwa anapaka rangi na vidole. Picha zao ziko leo katika nyumba za sanaa za Ulaya.

Mama akatikisa kichwa. "Iko namna ya Pilipili. Lakini si Pilipili. Soma kakaratasi." Nilisoma: "Ndege na samaki. Mwenye alichora hajulikani. Anafuata namna ya Pilipili." Aliniambia kama mutu mumoja aliwahi kumushauri aandike tu jina la Pilipili pale chini, na bei ingeruka mara ishirini. Nikamuuliza juu ya nini hakufanya. "Nitaandika uongo mumoja, kisha utasoma namna gani ile ingine yote?"

Zaidi ya picha zote, anatafuta zile za saloni za miaka ya 1970: "Colonie belge", "Mamba muntu", zenye wachoraji walikuwa wanachora juu ya mifuko ya unga na kupitisha nyumba kwa nyumba. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mumoja wao. Alichora historia nzima ya inchi katika picha karibu mia moja. Watu walinunua kwa bei ya mboga, na kisha walitupa. Sikusema kitu, lakini sisi tulikuwa na Mamba muntu moja. Ilimaliza maisha yake juu ya kibanda cha kuku, juu rangi yake ilikuwa inazuia mvua vizuri.

Zawadi ya mwalimu wetu niliiona mwishoni, chini ya meza: kengele ya mukono, ya masomo, mukono wa mbao umelainika na vidole vya watu. Kakaratasi kalisema: "Ilikuwa inapigwa ku masomo moja ya Kipushi. Mwalimu alikufa. Mujukuu wake aliileta." Niliitikisa mara moja tu na mwili wote ukataka kupanga mustari.

"Ngapi, mama?"

"Mia na makumi mbili."

"Mama, sisi ni walimu."

"Na mimi nilifundishwa na nani?"

Tulifika 85 000, na alinifungia ndani ya kipande cha kikwembe bila kulipisha. Siku ya karamu, yule mama aliifungua, akaiangalia kidogo, kisha akaipiga. Walimu wote tulisimama. Hata direkteri.

Sasa musalaba. Nilingoja mpaka muteja mwingine atoke, kisha nikauweka juu ya meza na kufungua kitambaa. Nilikuwa nimetayarisha bei ndani ya kichwa. Mama mwenye duka alivaa miwani, akaupima ku kilo, akaugeuza, akapitisha kidole ku kila mukono. Ulizo lake la kwanza halikuwa la bei.

"Nani aliuleta ku nyumba yenu?"

"Ni wa mama."

"Na mama aliupata kwa nani?"

"Kwa nkambo."

"Na nkambo?"

Hapo nilikwama. Mimi mwenye ninafundisha historia! Ninaweza kuwaambia wanafunzi kama misalaba hii ilikuwa feza katika Katanga mbele ya Wabelgiji kufika. Kama wale wenye waliitwa "walaji wa shaba" walikuwa wanayeyusha malakiti wakati wa kipwe, kisha mavuno, ndani ya matanuru ya udongo wa kichuguu. Kama mu makaburi ya Sanga, kule Upemba, wenye kuchimbua walianza mwaka 1957 kupata misalaba midogo na mikubwa yenye kuzikwa pamoja na wafu. Kama mitatu ilikuwa juu ya bendera ya Katanga mwaka 1960. Historia ya watu wote ninayo ndani ya daftari. Ya ule wenye ulikuwa mbele yangu, wenye nilikuwa ninapiga teke kila asubuhi nikienda kuwasha makala, sikujua hata mustari mumoja.

Mama akanieleza kazi yake. Iko misalaba ya kutolewa mu makaburi: ile hanunui, hata mutu akilia. Kuko sheria ya mwaka 1971 yenye inalinda vitu vya kale vya inchi, na tena, alisema, "siuzishi kitu cha mufu mwenye hakuniuzishia." Iko mipya, yenye vijana wanatengeneza na waya za umeme na kuzika ndani ya udongo wa chumvi mpaka iwe kijani: ile ananunua, lakini anaandika "mupya". Na iko ile yenye ilipita mukono kwa mukono ndani ya jamaa. Hii ndiyo ngumu, juu jicho peke yake halitoshi.

"Angalia huu mukono mufupi," aliniambia. "Ulisema ulivunjika. Haukuvunjika. Ncha yake ni ya mviringo, imelala vizuri. Shaba haikufika mwisho wa kalibu. Ulizaliwa hivi."

Akaniambia bei mbili. Ya kwanza ilikuwa bei ya shaba, kwa kilo, kama chuma ya kuokota. Ya pili ilikuwa mara tano zaidi, lakini kama nitarudia na historia yake, na mama yangu mwenyewe akubali kama ninaisema sawasawa. Niseme pia mawazo yangu: huyu mama si malaika. Anajua kama kitu chenye historia kinauzishwa vizuri kuliko kitu kisicho nayo, na ile historia ingeongeza faida yake kuliko yangu. Lakini angeweza kunipatia bei ya kilo na kufunga sakoshi yangu, na mimi ningemushukuru.

Nilifika ku nyumba jioni. Mama alikuwa anatwanga sombe. Niliweka musalaba karibu naye na kuuliza. "Nilikutuma kuuzisha," alisema, "unanirudilia na maulizo kama polisi." Alitwanga kidogo. Kisha akaacha.

Mama ya nkambo yangu, alisema, aliolewa karibu na muto Lufira. Wakwe walileta majembe, kikwembe, na misalaba miwili. Miaka mingine ikapita, kaka yake naye akataka kuoa, na misalaba ile ile ikapaswa kwenda kwa wazazi wa bibi arusi. Ilibebwa yote miwili. Wale wakauangalia mumoja, wakapima mikono yake na kijiti, wakakuta mumoja haufikie. Wakaukatala. Shurti waongeze mbuzi mbili. Musalaba ukarudi ku nyumba, na mama ya nkambo akasema: kama hawautaki, ni wangu. Toka wakati ule unapita kwa wanawake tu. Wanaume hawakuuomba hata siku moja, juu ulikuwa na kasoro.

"Na juu ya nini haukutuambia?"

"Mulikuwa munauliza?"

Minerval tulilipa na likelemba. Zamu yangu ilikuwa imefika mwezi ule, na wale wenye tunachanga pamoja wanajua kama feza zile nilizichunga juu ya mulango mupya wa jikoni. Basi mulango ni ule ule, na upepo ni ule ule.

Mama hajasema kama hatauuzisha. Alisema: "Andika kwanza." Nilikata kakaratasi toka daftari ya matayarisho, nikaandika na mwandiko wa kulala, nikamusomea. Akaniomba nisome tena. Pahali niliandika "ulikataliwa" akasema hapana, nifute, niandike "ulirudi". Nikafuta. Akakunja kakaratasi, akakaingiza ndani ya kopo ya chai pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo, na akausukuma musalaba na muguu mpaka ku mulango.